Mtoto wa runinga akigeuka mwimbaji: fedha zake ni za nani?

Watoto wanaocheza kwenye runinga si wageni tena majumbani mwetu. Aliyekaa mbele ya Citizen TV miaka ya 2010 anaikumbuka Machachari na wahusika wake Baha, Govi na Almasi, watoto ambao nchi nzima iliwaona wakirefuka na kubadilika sauti kipindi hadi kipindi. Siku hizi mtoto akishajulikana kwa sura, haipiti muda watu huanza kumuuliza ataimba lini. Studio ziko kila mtaa, simu inatosha kupiga video, na wimbo unaweza kufika Muscat kabla haujasikika Lamu.

Tunazungumza sana juu ya vipaji vya watoto hawa, na sana zaidi juu ya maadili yao. Fedha zao hatuzitaji mpaka zishapotea. Swali la makala hii ni hilo: mtoto anapolipwa akiwa na miaka 9 au 12, zile fedha ni za nani? Nani azishike, nani ale humo, na zikabidhiwe lini? Nitaeleza maisha ya mwimbaji mmoja wa Marekani aliyeanzia runinga utotoni, kwa kuwa mambo yake yamo katika majalada ya mahakama na hayahitaji uvumi. Kisha nitaeleza sheria ya Kenya inavyosema, na fiqhi tunayoifuata Pwani inavyosema.

Najua wapo watakaosema muziki wenyewe ndio wa kuzungumziwa kwanza. Masheikh wana maneno yao katika hilo na siwapokonyi. Lakini mtoto anayetangaza sabuni hulipwa, na anayealikwa kusoma kasida hutunzwa. Swali la fedha zao ni lile lile.

Karatasi saba

Kitengela iko Kaunti ya Kajiado, kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi, kwenye barabara ya kwenda Namanga. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti nzima, na Kitengela ni mmoja wa miji yake mikubwa. Watu wa Pwani wako huko wengi kuliko tunavyodhani: wako wa viwandani Athi River, wako walimu, wako wenye maduka, na wako wanaokwenda Nairobi asubuhi na kurudi usiku kwa sababu ya kodi za nyumba.

Familia moja ya huko yenye asili ya Lamu ina binti wa miaka 11. Alianza kwa tangazo moja la biashara, akaingia katika kipindi cha watoto, na sasa wameletewa mkataba wa kurekodi nyimbo. Karatasi saba, zote kwa Kiingereza cha mawakili. Baba yuko safarini siku nyingi za mwezi, kwa hivyo mama aliniomba nizisome kwa kuwa nilisomea diploma ya uhasibu. Nilimwambia mimi si wakili, nitaangalia upande wa hesabu tu.

Upande wa hesabu ulitosha kunitia wasiwasi. Malipo yote yalikuwa yaingie katika nambari ya simu ya baba. Kampuni ingejirudishia gharama zake zote kwanza kabla ya kutoa shilingi, na hapakuwa na kikomo cha gharama hizo. Rekodi zingekuwa mali ya kampuni maisha yote. Jina la binti, kama msanii, nalo lingekuwa la kampuni. Katika karatasi zote saba, hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema ni nini kitawekwa kwa ajili ya mtoto mwenyewe.

Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kakangu, mimi sitaki utajiri. Niambie tu, nikitoa kodi ya nyumba humu, nitakuwa nimekula haramu?"

Ni swali la mtu mwenye hofu ya Mungu, na jibu lake si la neno moja. Nitalijibu baada ya kueleza yaliyowapata wengine.

Anayetia sahihi mwenyewe na anayetiliwa

Wasomaji wa Mombasa wanamjua Sanaipei Tande. Jina ni la Kimaasai, la upande huo huo wa Kajiado, lakini malezi na sauti ni vya Mombasa. Alizaliwa 1985, na mwaka 2004 aliingia katika shindano la Coca-Cola Popstars lililotafuta waimbaji Afrika Mashariki mbele ya kamera za runinga. Walioshinda naye waliunda kundi la watu watatu lililoitwa Sema. Kundi halikudumu, lakini yeye aliendelea peke yake, akaimba na Jua Cali katika wimbo Kwaheri, akatangaza redioni, na miaka ya karibuni amerudi kwenye runinga kama mwigizaji katika tamthilia ya Kina.

Namtaja kwa sababu moja. Alipoingia kwenye shindano lile alikuwa na miaka 19 hivi. Kisheria alikuwa mtu mzima. Mkataba mzuri au mbaya, angeusoma mwenyewe, angetia sahihi mwenyewe na fedha zingeingia kwa jina lake. Mtoto wa miaka 11 hana hata kimoja katika hivyo vitatu. Kila kitu kinapita mkononi mwa mtu mwingine. Mkono huo ukiwa mzuri, mtoto atakua na kitu. Ukiwa mbaya, hatajua hata kama amedhulumiwa mpaka ashakuwa mkubwa.

Maisha ya Britney Spears

Simtoi Britney Spears kama mfano wa mavazi wala mienendo. Namtoa kama mfano wa mtu aliyefanya kazi tangu utotoni na akakaa miaka mingi bila kuzitawala fedha zake.

Alizaliwa 2 Desemba 1981 huko McComb, jimbo la Mississippi, akalelewa Kentwood, mji mdogo wa Louisiana. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Mwaka 1992, akiwa na miaka 10, aliimba katika Star Search, shindano la vipaji la runinga. Mwaka 1993 aliingia katika kipindi cha watoto cha Mickey Mouse Club cha kampuni ya Disney. Katika kundi lile la watoto walikuwamo pia Justin Timberlake, Christina Aguilera na Ryan Gosling, ambao wote baadaye walikuwa watu wakubwa katika muziki au filamu. Kipindi kilipofungwa, alirudi Kentwood na kuendelea na shule.

Akiwa na miaka 15 alichukuliwa na kampuni ya rekodi ya Jive. Wimbo wake wa kwanza, ...Baby One More Time, ulitoka 1998. Albamu yenye jina hilo ilitoka Januari 1999 na ikauza nakala zaidi ya milioni 25 duniani. Kwa hivyo kabla hajafika miaka 18 alikuwa ameingiza fedha ambazo ukoo mzima hauzipati katika vizazi kumi.

Aliolewa 2004, akapata wavulana wawili, na ndoa ikavunjika. Mwaka 2007 wapiga picha walikuwa wakimfuata barabarani usiku na mchana, na akili yake ikaelemewa mbele ya macho ya watu. Mapema 2008 alilazwa hospitali. Tarehe 1 Februari 2008 mahakama ya Los Angeles ilimweka chini ya usimamizi: baba yake, Jamie Spears, akapewa mamlaka juu ya mwili wake na, pamoja na wakili, juu ya mali yake. Ulianza kama usimamizi wa muda. Kabla ya mwaka kwisha ukafanywa wa kudumu.

Yaliyofuata ndiyo ya kuyatazama vizuri. Mwanamke aliyesemwa hawezi kusimamia maisha yake alitoa albamu mwaka huo huo wa 2008, nyingine 2011 na nyingine 2016. Alikaa kwenye kiti cha jaji katika shindano la The X Factor mwaka 2012. Kuanzia Desemba 2013 hadi Desemba 2017 alitumbuiza Las Vegas maonyesho zaidi ya 200. Alikuwa mzima wa kutosha kufanya kazi na kuingiza fedha, lakini hakuhesabiwa mzima wa kutosha kuzitumia. Baba alilipwa mshahara kutoka katika mali ya binti yake. Mawakili wa pande zote, hata wale waliokuwa wakipinga yeye asiachiwe, walilipwa humo humo.

Tarehe 23 Juni 2021 alizungumza mbele ya Jaji Brenda Penny na kueleza kwamba alikuwa akilazimishwa kufanya kazi na kutumia dawa asizozitaka. Septemba mwaka huo baba yake alisimamishwa, na tarehe 12 Novemba 2021 usimamizi ulifutwa. Ulikuwa umedumu karibu miaka 14. Aliingia akiwa na miaka 26, akatoka karibu kutimia 40.

Huenda ukasema alikuwa mgonjwa na baba alimwokoa. Yawezekana mwanzoni palikuwa na haja ya mtu kumshika mkono. Kosa halikuwa kumweka mlezi. Kosa lilikuwa kuuacha ulezi bila mwisho, mlezi akilipwa kutokana na ulezi wenyewe. Mlezi wa namna hiyo hana sababu ya kuona kwamba mtoto amekua.

Mvulana aliyeachia sheria

Miaka mingi kabla ya Britney, alikuwapo Jackie Coogan, aliyezaliwa 1914. Ndiye yule mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin katika filamu The Kid ya 1921. Alipata umaarufu ambao mtoto hakuwahi kuupata, na inakadiriwa kazi zake ziliingiza kati ya dola milioni 3 na 4, fedha nyingi mno kwa siku zile. Baba yake alifariki kwa ajali ya gari 1935. Jackie alipotimia miaka 21 na kutaka fedha zake, mama na baba wa kambo hawakumpa. Sheria ya California wakati huo iliwapa nguvu: kipato cha mtoto kilihesabiwa kuwa cha mzazi.

Aliwashtaki 1938. Ilipofika mwisho, kilichokuwa kimebaki ni kama dola 250,000, na yeye akapata nusu yake, dola 126,000. Watu walichukizwa, na mwaka 1939 California ikapitisha sheria inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Sheria ile ilikuwa na matundu, na marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2000 yakayaziba. Sasa kipato cha mtoto msanii ni mali yake mwenyewe, na mwajiri lazima aweke asilimia 15 moja kwa moja katika akaunti ambayo mzazi hawezi kuigusa mpaka mtoto atimie 18.

Tazama jinsi sheria hiyo inavyofanya kazi. Haimuulizi mzazi kama ni mwema au mbaya. Fungu la mtoto linakatwa kabla fedha hazijafika nyumbani, kwa hivyo hata mzazi mwema mwenye shida ya karo na kodi haingii katika mtihani.

Sheria ya Kenya

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa na kazi za hatari au za unyonyaji, na inasema maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 imeyakariri hayo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Utu uzima ni miaka 18.

Kwa hivyo mzazi wa mtoto wa miaka 11 anayekwenda kurekodi kila Jumamosi asidhani anacheza tu. Asiulize malipo peke yake. Aulize pia saa za kazi, usafiri, chakula, nani atakuwa na mtoto chumbani anapovalishwa nguo, na siku za mtihani itakuwaje. Kabla ya kutia sahihi amuulize wakili kama kazi yenyewe, kwa umri ule, inaruhusiwa kwa namna ilivyoandikwa.

Upande wa muziki, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inatambua haki za aliyetunga, aliyetoa rekodi, na aliyeimba au kuigiza. Hizo ni haki tatu tofauti, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote au moja tu. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo inayotoa leseni kwa mashirika ya kukusanya mirabaha, na PRISK ni shirika la upande wa waimbaji na waigizaji. Marekebisho ya 2022 yaliweka mgawanyo wa milio ya simu kama ile ya Skiza: kampuni ya simu asilimia 39.5, mtoa huduma wa kati asilimia 8.5, na msanii si chini ya asilimia 52. Namba hizo zikumbukwe. Mtoto mwenye wimbo unaopendwa anaweza kulipwa humo miaka mingi baada ya kipindi cha runinga kufungwa, lakini kwanza awe ameandikishwa kwa jina lake.

Kinachokosekana ni fungu la lazima kama lile la California. Sheria zetu zinamlinda mtoto na unyonyaji kwa jumla, lakini hazimwambii mwajiri: kata asilimia hii, iweke hapa, mzazi asiiguse. Kwa hivyo Kenya pengo hilo linazibwa na mkataba. Kisipoandikwa humo, mtoto hana cha kushika.

Fiqhi ya mali ya mtoto

Sasa nirudi kwa swali la yule mama. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, mtoto anaweza kumiliki mali. Anachopewa, anachorithi na anacholipwa ni chake. Baba ni mlinzi wa mali hiyo, baada yake babu wa upande wa baba, kisha wasii aliyeteuliwa, kisha kadhi. Mlinzi huyo haruhusiwi kuigawa wala kuitoa zawadi, wala kuifanyia biashara ya kumtia mtoto hasara. Dalili kubwa kwamba mali ni ya mtoto ni zaka: kwa Mashafi, mali ya mtoto ikifika nisabu na kuzungukiwa na mwaka, mlezi huitolea zaka kutoka humo humo. Mtu hatolewi zaka ya mali isiyokuwa yake.

Wazazi wengine hushika ile hadithi mashuhuri kwamba mtoto na mali yake ni vya babake. Wanavyuoni wengi wameieleza kuwa ni katika kumtendea wema mzazi na kumsaidia anapohitaji, wala si umiliki. Hoja yao iko katika mirathi: mtu akifa akaacha mtoto wa kiume, baba yake hurithi sudusi tu, sehemu moja ya sita. Kama mali ingekuwa ya baba tangu mwanzo, pasingekuwa na cha kurithiwa na wengine.

Surat An-Nisaa, aya ya 6 na ya 10, zimezungumza juu ya mali ya mayatima kwa maneno mazito, na wanavyuoni wamechukua humo adabu za kila mlezi wa mali. Mlezi tajiri ajizuie asile. Mlezi maskini ale kwa kiasi kinachojulikana kuwa ni cha haki. Mtoto ajaribiwe anapokua, na akionekana ana busara akabidhiwe, na wakati wa kumkabidhi wawepo mashahidi. Fiqhi inakubali hata mtu mzima kuzuiwa mali yake akiwa hana akili ya kuitumia. Lakini sababu ikiondoka na zuio huondoka. Jambo hilo lingemfaa Britney Spears.

Basi kodi ya nyumba? Matumizi ya mtoto mwenyewe, yaani chakula chake, karo yake, matibabu yake na sehemu yake ya makazi, yanaweza kutoka katika mali yake. Mzazi mhitaji wa kweli naye ana haki ya kulishwa na mtoto mwenye uwezo. Kinachokatazwa ni kugeuza kipato cha mtoto kuwa mshahara wa nyumba nzima, gari la baba, harusi ya shangazi na kiwanja kilichoandikwa jina la mtu mwingine. Nilimwambia yule mama hivyo, kisha nikamwambia aende kwa sheikh wake amweleze hesabu halisi, kwa sababu haja hupimwa, haikisiwi.

Jambo moja litambuliwe. Mahakama ya Kadhi, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Mgogoro wa mkataba wa kurekodi utakwenda mahakama za kawaida. Kwa hivyo usitegemee kwamba yale ya fiqhi yatalindwa yenyewe. Yaandikwe katika mkataba.

Maziwa na ng'ombe

Wamaasai wa Kitengela hawahitaji kufundishwa na California. Ardhi ya pale ilikuwa ya kundi zima. Ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwenye nyumba akapata hati yake, na wanunuzi kutoka Nairobi wakaanza kubisha hodi. Wengi waliuza. Fedha zilikuja mara moja, zikaisha, na vijana wao leo wanapanga vyumba vya mabati kwenye ardhi iliyokuwa ya babu zao.

Lakini mwaka 2000 ulianza mpango mwingine wa kulinda njia ya wanyama wanaotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwenye ardhi alilipwa kiasi cha shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti asiuze wala asizungushe ua. Malipo yaligawanywa kwa mihula ya shule, yakafika wakati karo inadaiwa. Mfugaji alipata maziwa na ng'ombe akabaki.

Umaarufu wa mtoto ni ng'ombe wa namna hiyo. Rekodi zake, jina lake na haki zake za mirabaha ndizo ng'ombe. Malipo ya kila mwezi ni maziwa. Mkataba unaotoa rekodi na jina kwa maisha yote ili upate fedha za leo ni kuuza ng'ombe kwa bei ya kibuyu kimoja cha maziwa.

Mambo ya kufanya

Kwa mzazi aliyeletewa karatasi, haya ndiyo ninayoyashauri, na baadhi yake wale wa Kitengela wameyafanya kupitia wakili. Kampuni ilikubali mambo mawili: fungu la mtoto kuingia akaunti yake moja kwa moja, na jina kubaki la binti. Mengine bado yanazungumzwa, na mama amekataa kutia sahihi mpaka yaishe.

Kwanza, mkataba usomwe na wakili, na maana yake ielezwe kwa Kiswahili. Usitie sahihi siku ile ile ulipoletewa. Anayekuharakisha ana sababu yake.

Pili, ifunguliwe akaunti kwa jina la mtoto, na fungu lake litajwe kwa asilimia ndani ya mkataba. Asilimia 15 ni ya chini kabisa. Asiyetaka riba, benki za Kiislamu zipo Kenya tangu 2008.

Tatu, gharama zitakazokatwa ziwe na kikomo, na kampuni itoe hesabu yenye risiti, angalau mara mbili kwa mwaka.

Nne, muda wa mkataba uwe mfupi, na mtoto akitimia 18 awe na haki ya kuupitia upya au kuuvunja.

Tano, ulizia jina. Mtoto akijulikana kwa jina la mhusika wa kipindi, jina hilo huenda ni la kampuni ya runinga. Akitaka kuimba nalo kesho anaweza kuzuiwa. Bora aanze mapema kujulikana kwa jina lake.

Sita, mtoto aandikishwe kwenye shirika la mirabaha, na malipo yasipitie simu ya mjomba.

Saba, wekeni daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tarehe, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka na kimetumika kwa nini. Ukichukua kwa haja, andika. Daftari la shilingi 60 linaweza kuzuia kesi ya miaka kumi baina ya mama na bintiye.

Nane, mtoto mwenyewe aambiwe. Kuanzia miaka 10 anaweza kuelewa kwamba hiki kimeingia, hiki kimelipa karo, hiki kimewekwa. Ndiko kujaribiwa kwenyewe. Mtoto asiyewahi kuiona hesabu yake hataijua siku atakapokabidhiwa.

Na siku hiyo ya kukabidhi iwe na tarehe. Akishatimia miaka 18 na akaonekana ana akili ya kutunza, wakae baba, mama, wajomba wawili na sheikh wa mtaa, daftari lifunguliwe, isomwe hesabu, na mwenye mali apewe mali yake mbele ya mashahidi. Mzazi anayejua kuwa siku hiyo inakuja huandika vizuri tangu ukurasa wa kwanza.